Mbwa Mwenye Jina la Tusi

Mhadhara kwa wanafunzi wa tiba ya wanyama na wananchi, Morogoro



Nianze na jina. Duniani kuna mbwa anayeitwa basenji. Ukienda kwenye maonyesho ya mbwa London au New York utamkuta amesimama juu ya meza, manyoya yake mafupi yanang'aa, na mwamuzi anamkagua kwa vipimo: dume sentimita 43 kwenda juu, kilo 11, jike sentimita 40, kilo 9 na nusu. Watu wa huko hulitaja jina hilo kwa heshima, na wengi wao hawajui wanasema nini. Sisi tunajua. Litamkeni polepole. Basenji. Washenzi. Ni neno lile lile. Lilipanda bara pamoja na misafara ya pwani, likavuka Ziwa Tanganyika, likafika Kasongo na Nyangwe pamoja na lugha yenyewe, likaingia katika Kilingala, na Wabelgiji walipokuja kutawala wakalikuta liko tayari. Wakamwita hivyo kila mtu wa kijijini. Mbwa wake naye akawa mbwa wa washenzi. Alipopelekwa Ulaya, lile neno "mbwa" lilidondoka njiani, likabaki tusi peke yake.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu washenzi wenyewe ni watu wetu. Mimi nimezaliwa karibu na Mambasa, huko Ituri, mahali ambapo msitu unaanzia nyuma ya jiko. Babu alikuwa na mbwa jike, au imbwa kama tunavyosema kwetu, mwekundu wa udongo, kifua cheupe, nyayo nne nyeupe na ncha ya mkia nyeupe. Mkia wenyewe ulijikunja juu ya kiuno kama mkono wa kikombe. Masikio yalisimama wima, na akikutazama, paji lake la uso lilijaa makunyanzi, ungedhani anakumbuka deni lako. Aliitwa Watasema. Kijijini kwetu mbwa hapewi jina la kumpamba. Hupewa jina la kumfikishia jirani ujumbe, ili ukimwita mbwa wako jioni, jirani asikie. Babu alipooa mke wa pili maneno yalikuwa mengi. Basi akapata mtoto wa mbwa, akampa jina hilo, na kila magharibi alisimama uani akaliita kwa sauti ya kutosha.

Watasema hakubweka. Siyo kwamba alikuwa bubu. Babu akirudi shambani, alitoa sauti ndefu inayopanda na kushuka, kitu kati ya wimbo na malalamiko ya mtoto aliyeamshwa kabla ya usingizi kwisha. Akikasirika alinguruma. Akifungiwa ndani peke yake alipiga ukelele ambao uliwafanya watu wafungue milango kutazama nani kafiwa. Mara mojamoja alitoa "wu" moja kavu, kisha kimya. Lakini ule mlolongo wa kubweka, ule wa mbwa wa mjini anayemjibu mwenzake mtaa wa pili usiku kucha, hakuwa nao. Wataalamu hulieleza jambo hili kwa umbo la zoloto lake, yaani kile kisanduku cha sauti kooni, kilicho tofauti na cha mbwa wengine. Jambo la pili lililomtenga na mbwa wengi ni kwamba huingia kwenye joto mara moja tu kwa mwaka, pale ambapo mbwa wa kawaida huingia mara mbili. Na la tatu ni usafi. Alijilamba mwili mzima kama paka, akilowesha mguu wa mbele na kujifuta uso, na mvua ikianza alikuwa wa kwanza kuingia chini ya ghala.

Sasa, mbwa asiyebweka msituni ni faida na ni hasara. Faida, kwa kuwa hamshtui mnyama kabla ya wakati. Hasara, kwa kuwa akikutangulia hatua kumi umempoteza. Majani yanakuzidi kimo hata wewe, sembuse yeye. Dawa yake ni hii hapa. Nimekuja nayo, ipitisheni mkono kwa mkono, ila msiivute kamba yake, imezeeka.

Ni kengele ya mti. Mmeona ilivyochongwa: kipande kimoja cha mti mwepesi, kikachimbwa ndani mpaka kikawa kama kibuyu kilichobanwa pande mbili, na ndani zikaning'inizwa ndimi mbili za mti mgumu. Kamba ni ya gome la msituni, lile lile la kusukia nyavu. Pitisheni kidole upande wa juu. Pamelainika, pamekuwa peusi kwa mafuta ya manyoya, na mbwa aliyepalainisha si mmoja. Watasema aliirithi.

Asubuhi ya kuwinda babu alisokota majani makavu ya mgomba akaziba mdomo wa kengele, ili njia nzima isilie. Huko msituni majirani zetu Wambuti walikwisha kufunga nyavu, wa mwanzo ukiungana na wa pili, mpaka zikawa nusu duara. Ndipo babu alipoinama, akachomoa yale majani, akamgusa Watasema kichwani. Kuanzia hapo uliwinda kwa masikio. Ko, ko, ko, polepole: ananusa. Ikilia mfululizo: amemwinua paa. Ikinyamaza ghafla: ama wamefika wavuni, ama kuna chui. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimewekwa pamoja na kina mama na watoto upande wa kufukuzia, kazi yetu ikiwa kupiga kelele na kuchapa vichaka. Ninaukumbuka ule ukimya wa kengele kuliko kelele zetu zote.

Nyama ilipogawanywa palikuwa na fungu la mwenye wavu, fungu la mwenye mkuki na fungu la mwenye mbwa.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa makusudi. Mbwa yule hakuwa mnyama wa porini aliyezoea kuzurura karibu na watu. Alikuwa na mwenyewe, na jina, na kazi, na hata haki katika mgao. Na aliyemfanya awe vile si msitu. Ni watu wa vijijini, kizazi baada ya kizazi, bila daftari wala cheti. Aliyewinda vizuri alilishwa, akazaa, watoto wake wakaombwa na vijiji vya jirani. Aliyeuma watoto hakuishi. Aliyezidiwa na homa za msituni alikufa, na aliyepona aliacha uzao. Huo ni ufugaji, tena ufugaji mkali. Kwa hiyo ninapokutana na kitabu kinachosema mbwa huyu "alivumbuliwa" huko Kongo, hukifunga kwanza, nikanywa maji.

Wageni walianza kumwandika zamani. Mjerumani Georg Schweinfurth alipokaa na Waazande mwaka 1870 aliwaeleza mbwa wao wadogo, wenye manyoya mafupi na mikia iliyojikunja, wakivaa kengele za mti shingoni. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa London kwenye maonyesho ya Crufts. Haukupita muda wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, aliwapeleka sita kutoka kusini mwa Sudan. Walikaa karantini wakatoka salama, kisha wakachanjwa chanjo ya distempa, ambayo wakati huo ilikuwa ngeni. Wakafa. Jozi iliyovushwa hadi Marekani mwaka 1937 ilizaa, na distempa ikaingia tena ndani ya nyumba. Wakateketea karibu wote.

Vijana, simameni kidogo hapo. Distempa ni virusi, ndugu wa karibu wa virusi vya surua. Mbwa wetu hakuwa dhaifu. Alikuwa amepimana nguvu na minyoo, kupe, mbung'o na njaa, akashinda. Ila adui huyu hakuwa amekutana naye katika msitu wake, na mwili usiomjua adui hauna silaha juu yake. Na msidhani ni hadithi ya Ulaya tu. Mwaka 1994 distempa ilipita Serengeti, hapa hapa Tanzania, ikaua karibu theluthi moja ya simba, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio waliokuwa chanzo kilichoelekezewa kidole. Mbwa wa mtu maskini asiyechanjwa anaweza kumfikia hata simba.

Aliyefanikiwa kuwastawisha Ulaya ni Olivia Burn. Mwaka 1937 aliwapeleka Crufts, na watu wakajazana kumwona mbwa asiyebweka. Baada yake akaja Veronica Tudor-Williams, mwanamke aliyempenda mbwa huyu maisha yake yote. Mwaka 1959 alisafiri mwenyewe hadi kusini mwa Sudan, mpakani na Kongo, akarudi na jike mwekundu aliyemwita Fula na dume mwenye michirizi aliyemwita Tiger. Fula hakupandishwa kamwe kwenye meza ya maonyesho. Lakini damu yake imo katika karibu kila basenji aliyeandikishwa duniani leo.

Kwa upande wa Marekani, wamo waliofika kwa njia za ajabu. Mwaka 1941 meli ya kahawa kutoka Afrika ya Magharibi ilitia nanga Boston, na ndani ya shehena akakutwa mbwa jike amekonda mbavu nje. Akapewa jina Congo. Miaka hiyo hiyo mfanyabiashara mmoja wa wanyama aliingiza wengine kutoka Kongo, na kati yao wamo waliobaki katika vitabu vya ukoo kwa majina ya Kindu na Kasenyi. Moja ni la mji wa Maniema ambako hadi leo watu huamka na kulala na Kiswahili. Jingine ni la bandari ya Ziwa Albert, si mbali na kwetu. Nilipoyaona majina hayo kwa mara ya kwanza katika daftari la ukoo wa mbwa, nilihisi kama mtu aliyekuta jina la mjomba wake kwenye kaburi la ugenini.

Sasa njooni kwenye tiba, maana ndiyo iliyotukutanisha. Mkishaelewa kwamba ukoo wote wa mbwa hawa Ulaya na Marekani ulianzia kwa wachache mno, mtaelewa maradhi yao. Ni kama kisiwa kilichoanzwa na nyumba nne. Kasoro aliyokuja nayo babu mmoja, baada ya vizazi vichache iko kwenye kila mlango.

Kwanza ulitokea upungufu wa damu wa kurithi: chembe nyekundu zinakosa kimeng'enya cha kuzalisha nguvu, zinavunjika mapema, mtoto wa mbwa anafifia, ufizi mweupe, anachoka kucheza, anakufa angali kijana. Miaka ya 1970 kikapatikana kipimo cha kuwatambua waliobeba kasoro hiyo, na wafugaji wakawaondoa kwa wingi katika uzazi. Walifanya lililoonekana kuwa sawa. Lakini kila mbwa unayemwondoa, unamwondoa na mema yake pia, na kisiwa kinazidi kuwa kidogo. Wafugaji wengi wanaamini hapo ndipo ugonjwa wa pili ulipopata nafasi.

Ugonjwa huo unaitwa Fanconi, na ndio ninaotaka mwanafunzi wa tiba atoke nao ukumbini. Figo ya mbwa mzima huchuja damu, kisha hurudisha mwilini vile vya thamani vilivyopita kwenye chujio: sukari, chumvichumvi, amino asidi, bikabonati. Katika Fanconi ule urudishaji unashindwa, na vyote hivyo vinamwagika kwenye mkojo. Mbwa aliyekuwa mzima mpaka miaka minne, mitano au zaidi, anaanza kunywa maji bila kikomo na kukojoa bila kikomo. Anakula lakini anakonda. Daktari anapima mkojo, anakuta sukari, anaandika kisukari, anaanza insulini. Amekosea, na anaweza kumuua. Pimeni damu! Katika kisukari, sukari imejaa kwenye damu ndiyo ikafurika kwenye mkojo. Katika Fanconi sukari ya damu ni ya kawaida. Inayovuja ni figo.

Ndiyo maana wenye basenji huko ng'ambo wamejifunza desturi ambayo mimi naiheshimu sana. Mbwa akishafika miaka mitatu, kila mwezi, alfajiri, mwenye mbwa anamfuata uani akiwa ameshika kikombe kidogo kilichofungwa kwenye kijiti. Mbwa akiinama, kikombe kinaingia chini yake taratibu. Kisha karatasi ya kupimia inachovywa, inahesabiwa sekunde, na rangi yake inalinganishwa na zile zilizochapwa ubavuni mwa kopo. Kwa huduma hiyo ya dakika tano ugonjwa hukamatwa mapema. Daktari mmoja wa Marekani, Steve Gonto, mwenye mbwa wa aina hii, aliandika utaratibu wa kumpa mgonjwa bikabonati kwa kipimo kikubwa, pamoja na madini na vitamini, kurudisha kile kinachomwagika, na mbwa wengi waliofuata utaratibu huo wameishi miaka ambayo zamani wasingeiona. Tangu mwaka 2011 kipo kipimo cha jeni kinachoonyesha moja kwa moja nani mzima, nani amebeba na nani ataugua, hata kabla ya kuzaa.

Lakini kipimo hakiongezi damu. Kwa hiyo, hata kabla ya kipimo hicho, mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari. Walikwenda wapi? Zaire ya wakati huo. Kaskazini-mashariki. Vijijini. Wakanunua mbwa kwa watu wale wale, wakawapeleka, na mwaka 1990 kitabu cha ukoo kilichokuwa kimefungwa kikafunguliwa ili wapya hao waandikwe. Wakaja na wenye michirizi myeusi juu ya wekundu, rangi ambayo kwa babu ilikuwa ya kawaida.

Liangalieni jambo hilo vizuri. Ukoo wenye vyeti, madaktari na vipimo ulipougua, dawa yake ilikuwa kwa mzee asiye na cheti, uani kwake, imelala juu ya jivu.

Na hapo ndipo lilipo neno langu la leo. Katika orodha ya shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, basenji ana namba 43, katika kundi la mbwa wanaoitwa wa kale. Chini ya jina lake imeandikwa: asili, Afrika ya Kati, ulezi, Uingereza. Sina ugomvi na ulezi huo. Waliompenda wamempenda kweli, na maarifa niliyowaeleza sasa hivi ni yao. Ninachouliza ni kuhusu mzazi. Mzazi yu hai. Yuko Isiro, yuko Mambasa, yuko Maridi, na ndugu zake wako nyuma ya nyumba zenu hapa Morogoro. Nani anamlea?

Msiseme natia chumvi ninaposema ndugu. Mwaka 2004 watafiti walipolinganisha jeni za aina 85 za mbwa, basenji alikuwa miongoni mwa matawi yaliyoachana na wengine mapema kabisa. Mwaka 2009 wengine wakachukua damu za mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Basenji akaangukia pamoja na mbwa wa kienyeji wa Afrika. Wale wawili wengine wanaosifiwa kuwa wa Kiafrika, yaani Pharaoh Hound na Rhodesian Ridgeback, hawakuangukia hapo. Mbwa wa vijijini Uganda, wale ambao sisi tungewaita koko na kuwatupia jiwe, walikuwa na damu ya Kiafrika karibu yote. Namibia ya kati hali ilikuwa nyingine: huko damu ya mbwa wa kizungu ilikuwa imeingia sana. Hivyo ndivyo inavyopotea. Mbwa hapigwi risasi, hafi kwa tauni. Anapandwa na mbwa wa mjini aliyefunguliwa usiku, na baada ya vizazi vichache masikio yanalala, mkia unanyooka, na hakuna aliyegundua.

Neno "kale" nalo lisitupoteze. Mbwa huyu si kipande cha zamani kilichogandishwa. Watu hupenda kuonyesha picha za makaburi ya Misri, zenye mbwa wa masikio wima na mkia uliojikunja, wakasema ni huyo huyo. Picha ni picha. Mimi nina kengele iliyolainishwa na shingo.

Basi tumleeje? Nitasema yale ninayoyaona yakikosewa.

Chakula. Ugali mtupu hauwezi kumlea mbwa. Unampa tumbo kubwa na misuli ya karatasi. Changanya dagaa, au utumbo uliochemshwa, au maharage yaliyoiva sana pamoja na kipande cha nyama. Na maji safi yawepo siku nzima, kwenye chombo kisichopinduka. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe; inavunjika vipande vyenye ncha, ikatoboa matumbo. Na wachinjaji nawaomba: ini na mapafu yenye malengelenge ya maji yafukiwe au yachemshwe, asipewe mbwa mabichi. Ndani yake kuna minyoo michanga ambayo hukomaa ndani ya mbwa, mayai yake yakatoka kwenye kinyesi, na mtoto wa binadamu akayala kwa vidole. Waturkana wa Kenya wameteseka na ugonjwa wa minyoo hiyo kuliko karibu watu wote duniani.

Minyoo ya kawaida: mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, ameipata tumboni mwa mama. Dawa ianze wiki ya pili, irudiwe kila wiki mbili mpaka aache kunyonya. Kupe mtoeni kwa mkono kila jioni, hasa ndani ya masikio na katikati ya vidole. Ukiona mkojo wa rangi ya kahawa na ufizi uliopauka, usingoje asubuhi. Na kwa ninyi mtakaofanya kazi kwenye ukanda wa mbung'o: mbwa mwenye homa inayokuja na kwenda, kisha jicho likageuka la maziwa, fikirieni nagana, ugonjwa wa mbung'o, kabla ya kufikiria kwamba amepigwa fimbo.

Tabia. Huyu ni mwindaji. Hakufundishwa kungoja ruhusa, alifundishwa kuamua mwenyewe akiwa hatua mia mbele yako. Ukimpiga ili atii, utampata mbwa mwoga anayeuma. Mchezeshe, mkimbize, mpe kazi, na uzio wako uwe mrefu, maana hupanda kama mbuzi. Akimwona sungura, sauti yako hataisikia; nimewaona watu wazima wakilia kando ya barabara kwa sababu hiyo. Kwa jike, kwa kuwa joto lake ni la mara moja kwa mwaka, ni rahisi kumlinda: mfungie wiki tatu, mchagulie dume wa kienyeji mwenye afya asiye ndugu yake. Hivyo tu, bila maabara yoyote, umeihifadhi damu ambayo wengine walivuka bahari kuitafuta.

Najua katika ukumbi huu wapo wanaosema, kwetu mbwa haingii ndani. Asiingie. Watu wa pwani wana methali yao kuhusu mcheza na mbwa na msikiti, na mimi sikuja kuibishia. Lakini mbwa wa kuwinda, wa kulinda shamba na wa mifugo dini imemwachia nafasi yake, na Unguja na Pemba wakulima Waislamu wamewasaka nguruwe mwitu kwa mbwa tangu zamani. Banda la makuti uani, kivuli, maji, chanjo. Hahitaji kitanda chako.

Chanjo nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko yote. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu wote kwa meno ya mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, tiba hakuna. Lakini mkichanja mbwa 70 katika kila 100 wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Mtoto wa mbwa achanjwe anapotimiza miezi mitatu, arudiwe kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana inabaki na nguvu hata ikikaa miezi mitatu kwenye joto la nyuzi 30. Kwa hiyo ule udhuru wa kwamba kijiji fulani hakina friji sitaki kuusikia tena kutoka kwa daktari yeyote.

Mwaka juzi nilikuwa katika zoezi la namna hiyo, kijiji kimoja chini ya milima hii. Akaja mvulana wa miaka kama kumi, ameshika kamba ya katani, na mwisho wa kamba mbwa mdogo mwekundu, kifua cheupe, paji limejaa makunyanzi. Mkia haukujikunja sawasawa, lakini masikio yalikuwa yenyewe. Wenzake wote uwanjani wanabweka, yeye amekaa kimya anatazama. Karani aliuliza umri, akauliza rangi, kisha akafika kwenye mstari wa aina. Mvulana akasema, "Mbwa tu." Karani akaandika "koko."

Nikaiomba ile kadi. Nikakata neno, nikaandika juu yake: wa kienyeji, Afrika.

"Kwani huyu ni wa aina, daktari?"

"Ni wa aina, mwanangu. Anaitwa nani?"

"Mtajiju. Bibi ndiye aliyempa," akasema, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akageuza uso upande wa pili.